Uzi maalumu: Don Pringle, mechi mbili za Kombe la Dunia, mipira 90, wiketi sifuri

Mwandika Alama:

Habari za jioni wakuu. Naomba nafasi niwaeleze habari za mchezaji mmoja wa kriketi ambaye jina lake likitajwa, hutajwa kama baba wa mwanawe tu, basi. Anaitwa Don Pringle.

Alizaliwa Prestwich, Lancashire, huko Uingereza, mwaka 1932. Akaja Kenya, akawa mtu wa Nairobi, akicheza kriketi ya klabu. Hakuwahi kuitwa timu ya taifa ya Uingereza. Mwaka 1975, akiwa na miaka 43, alirudi nchi aliyozaliwa akiwa mrushaji wa timu ya Afrika Mashariki, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. (Wanawake walitangulia, lao la kwanza lilikuwa 1973.) Akacheza mechi mbili. Oktoba mwaka huohuo akafariki kwa ajali ya gari Nairobi. Kuanzia mpira wake wa kwanza wa Kombe la Dunia mpaka mauti, haikufika miezi minne.

Kumbukumbu zake za kimataifa zinaenea kwenye mstari mmoja: mechi 2, mikimbio (yaani pointi) 5, mikimbio mingi kwa mechi moja 3, mipira aliyorusha 90, mikimbio aliyotoa, yaani waliyoipata wapigaji kwake, 55, wiketi 0, yaani hakumtoa mpigaji hata mmoja.

Mimi ni mwandika alama. Zaidi ya miaka ishirini nakaa kwenye meza ya pembeni ya uwanja hapa Dar na daftari, penseli mbili na kifutio. Mpira usiozaa kitu naweka nukta. Mpira ukizaa mkimbio naandika namba. Ova ina mipira sita, kwa hiyo kila kijumba kinabeba alama sita. Mtu akirusha ova kumi na mbili bila wiketi, mwisho wa safu yake naandika sifuri, na hiyo sifuri ndiyo watu wanaisoma. Nukta hakuna anayezihesabu. Ndiyo maana naleta uzi huu. Naamini Pringle amesomwa vibaya kwa miaka yote hii, na nitaweka hoja zangu polepole. Mwenye swali aulize.

Fundi Saa:

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali la kwanza: Afrika Mashariki ilikuwa nchi gani hata ikacheza Kombe la Dunia?

Mwandika Alama:

Fundi Saa, swali zuri. Haikuwa nchi. Kwenye kriketi, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilicheza kama timu moja. Mashindano yalikuwa na timu nane. Sita zilikuwa zile za mechi kubwa za siku tano: Uingereza, Australia, West Indies, India, Pakistan na New Zealand. Mbili zilialikwa, Sri Lanka na sisi.

Nahodha alikuwa Harilal Shah. Kulikuwa na Jawahir Shah, Frasat Ali, Zulfiqar Ali, Ramesh Sethi, Mehmood Quaraishy, Praful Mehta, Shiraz Sumar, Yunus Badat, Parbhu Nana na Hamish McLeod. Kutoka Uganda walikuwepo John Nagenda na Samuel Walusimbi. Nagenda ndiye yule mwandishi aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni, amefariki 2023.

Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Kihindi. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Miaka mitatu tu nyuma Idi Amin alikuwa amewafukuza Wahindi Uganda, na klabu za kriketi za Kampala zilibaki nusu tupu. Miaka miwili mbele Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Katikati hapo, watu hawa walivaa nguo nyeupe wakacheza pamoja.

Jongoo wa Tabata:

Mleta uzi nakuheshimu lakini hapa unatupamba. Mtu wa miaka 43, mzungu, mechi mbili, wiketi hakuna. Vijana wa Kenya na Uganda hawakuwepo? Kwangu mimi huyu alipewa nafasi kwa rangi yake. Na kama ni Mwingereza basi ni Mwingereza, asihesabiwe kwetu.

Mwandika Alama:

Jongoo, siwezi kukukatalia kwamba kriketi ya klabu enzi hizo iligawanywa kwa rangi na kwa jamii. Iligawanywa kweli. Mtoto wa Kiafrika alikuwa na njia finyu sana ya kuufikia ule mpira mwekundu, na marehemu baba yangu aliyekata nyasi za kiwanja miaka kumi na tisa hakuwahi kuulizwa kama anataka kushika gongo. Jambo hilo linaniuma kuliko unavyodhani. Lakini tusimhukumu Pringle kwa sifuri kabla ya kuangalia hiyo sifuri ina nini ndani. Naanza.

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 7 Juni 1975, Edgbaston, Birmingham, dhidi ya New Zealand. Pringle hakupangwa. Glenn Turner wa New Zealand alisimama tangu mpira wa kwanza mpaka wa mwisho wa ova zote 60, akapata 171 bila kutolewa. New Zealand 309 kwa wiketi 5. Sisi 128 kwa wiketi 8, Frasat Ali akiwa na 45. Tulishindwa kwa mikimbio 181. Hiyo 171 ya Turner ilibaki kuwa kubwa kuliko zote kwenye Kombe la Dunia mpaka Kapil Dev wa India alipopata 175 mwaka 1983.

Mechi ya pili, 11 Juni, Headingley, Leeds, dhidi ya India. Hapa Pringle anaingia. Tulianza kupiga sisi, tukatolewa wote kwa 120, Jawahir Shah 37, Sethi 23. Siku hiyo Bishan Bedi aliwarushia watu wetu ova 12 akatoa mikimbio 6. Narudia, sita. Ova nane kati ya hizo hazikuzaa chochote. Pringle aliingia mwishomwisho akapata 2.

India wakaingia kutafuta 121. Sunil Gavaskar na Farokh Engineer waliifikia peke yao bila mtu kutolewa, 65 na 54, kabla hata ova 30 hazijaisha. Pringle akarusha ova 3, zikatoka mikimbio 14, nahodha akampumzisha. Ova tatu, basi. Hapo Jongoo yuko sawa kabisa. Kama hadithi ingeishia Leeds nisingefungua uzi.

Fundi Saa:

Endelea mkuu. Ya Uingereza ndiyo ninayoisubiri.

Mwandika Alama:

Tarehe 14 Juni 1975, Jumamosi, Edgbaston tena. Uingereza dhidi ya Afrika Mashariki.

Jiwekeeni picha. Mtu wa Lancashire, miaka 43, anakabidhiwa mpira mpya, yaani ova za mwanzo, dhidi ya taifa alilozaliwa. Mbele yake yuko Barry Wood, mchezaji wa timu ya jimbo la Lancashire. Baadaye ataingia Frank Hayes, mchezaji wa Lancashire, tena mzaliwa wa huko. Upande wa warushaji wa Uingereza yupo Peter Lever, naye wa Lancashire. Pringle hakuwahi kuvaa kofia ya Lancashire, na sasa anawarushia watu wa kwao kwa niaba ya Nairobi, Kampala, Dar na Lusaka.

Uingereza ilipata 290 kwa wiketi 5. Amiss 88, Wood 77, Hayes 52. Wood na Amiss peke yao walifungua kwa 158 kabla ya mtu kutolewa. Sasa someni safu ya warushaji wetu, nimeinakili kwenye daftari langu kwa mkono:

Frasat Ali, ova 12, mikimbio 40, wiketi 0.
Don Pringle, ova 12, mikimbio 41, wiketi 0.
Parbhu Nana, ova 12, mikimbio 46, wiketi 1.
Ramesh Sethi, ova 5, mikimbio 29, wiketi 0.
Zulfiqar Ali, ova 12, mikimbio 63, wiketi 3.
Mehmood Quaraishy, ova 7, mikimbio 55, wiketi 1.

Mrushaji mmoja aliruhusiwa ova 12 tu kwa mechi. Pringle alimaliza zote. Yule aliyepumzishwa Leeds baada ya ova tatu, siku tatu baadaye nahodha alimwachia mpira mpaka ukomo wa sheria. Frasat na Pringle kwa pamoja ni ova 24 kwa mikimbio 81. Ova 36 zilizobaki zilitoa 193. Yaani wale wawili walitoa kama mikimbio mitatu na nusu kwa ova, wengine zaidi ya mitano. Na hao wawili ndio wenye sifuri.

Zulfiqar alistahili wiketi zake tatu, simwondolei chochote. Lakini ukiniuliza mimi niliyekaa kwenye ile meza miaka yote hii, ni nani aliyeizuia Uingereza isifike 340, nitakuonyesha wale wawili wa juu.

Bwana Usumba:

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mzee wa Mombasa, kriketi nimeicheza miaka ya sabini katika timu ya kampuni, siyo ya kutajwa. Nataka niongeze jambo moja ambalo vijana hamlijui.

Viwanja vyetu vingi huku pwani na bara havikuwa vya majani pale katikati. Tulicheza juu ya mkeka. Mkeka wenyewe wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, umesokotwa mzito, mrefu kama yadi ishirini na mbili. Asubuhi mapema watu wanne wanaubeba begani kutoka stoo. Wanautandaza juu ya udongo ulioshindiliwa, wanauvuta mpaka unalia, kisha vigingi vinapigwa nyundo pembeni mwote. Ukilegea kidogo, mpira unazama au unaruka kichwani. Katikati ya mchezo mtu anakwenda kuuvuta tena.

Mpira juu ya mkeka unainuka. Mrushaji wa kasi ya wastani anayejua kuuweka mahali pamoja anakuwa hatari, kwa sababu mkeka unaushika mpira na kuurusha juu hata kama mkono wake hauna nguvu. Sasa mchukue mtu huyo, mpeleke Uingereza mwezi wa sita, juu ya majani. Mpira unateleza, unakwenda chini. Kila kipimo alichokizoea mkononi kimebadilika. Ajifunze upya mbele ya Gavaskar. Mimi namwelewa kwa zile ova tatu za Leeds, na namvulia kofia kwa zile kumi na mbili za Birmingham.

Mwandika Alama:

Shikamoo Mzee Usumba. Asante sana. Hapo umenipa kitu ambacho namba haziwezi kunipa.

Bwana Usumba:

Marahaba mwanangu. Mikono yangu mpaka leo ina kovu la kile kigingi.

Karani wa Ova:

Mwandika Alama, niko upande wako ila nina pingamizi la kitaalamu. Kriketi ya ova 60 enzi zile watu walianza taratibu. Wafunguzi, yaani wapigaji wawili wa kwanza, walijali kutotolewa kwanza, mbio zilikuja mwisho. Kwa hiyo mrushaji wa mpira mpya karibu siku zote atatoa mikimbio michache kuliko yule anayerusha ova za mwisho watu wakiwa wanapiga kwa fujo. Hiyo 3.4 kwa ova ya Frasat na Pringle siyo lazima iwe ubora, inaweza kuwa zamu tu. Wood na Amiss hawakuwa na haraka. Walijenga 158 bila jasho.

Mwandika Alama:

Karani, hoja yako nzito na naikubali sehemu yake. Ni kweli, zamu inasaidia. Na ni kweli kwamba Uingereza hawakuwa na presha, tena ukiangalia tulivyojibu (tulitolewa kwa 94, John Snow akirusha ova 12 kwa mikimbio 11 na wiketi 4, tukashindwa kwa 196), walikuwa na mikimbio ya kutosha na kusaza. Pringle mwenyewe alipata 3 siku hiyo.

Lakini angalia mechi ya India. Pale vilevile mpira ulikuwa mpya, na wafunguzi hawakuwa na haraka yoyote, walitafuta 121 tu. Pringle alitoa 14 kwa ova 3, karibu mitano kwa ova. Zamu ile ile haikumlinda. Kilichobadilika kati ya Jumatano na Jumamosi ni mrushaji. Mimi nadhani alipata urefu wake, ile sehemu ya kudondoshea mpira ambayo mpigaji hajui aende mbele au arudi nyuma. Hilo ndilo Mzee Usumba analolisema kwa lugha ya mkeka.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu: sisemi alikuwa bora kuliko Zulfiqar. Nasema aliyerusha Edgbaston siyo yule wa Headingley, na ile sifuri moja inawafunika wote wawili.

Jongoo wa Tabata:

Mkuu nimesoma yote. Habari ya rangi bado sijaiacha, na najua wewe pia hujaiacha, habari ya baba yako imenigusa. Ila habari ya sifuri nakubali, umenipata.

Mswahili wa Leicester:

Niko huku Uingereza mwaka wa kumi na nne. Ngoja niwape mwenzake Pringle kwa ufupi wa safari, maana huku wapenzi wa kriketi wanamjua. Anaitwa Fred Hyland. Mwaka 1924 alipangwa na timu ya jimbo la Hampshire kucheza dhidi ya jimbo la Northamptonshire, mjini Northampton, si mbali na hapa ninapoishi. Alikuwa mpigaji. Northamptonshire wakaanza kupiga, zikarushwa ova mbili, ukapatikana mkimbio mmoja, mvua ikaanza. Haikuruhusu mchezo tena mpaka mechi ikafutwa. Hyland hakuitwa tena maisha yake yote.

Ova mbili, yeye akiwa amesimama uwanjani tu kama mdakaji. Hakushika gongo. Baadaye akawa mkulima wa miche na maua huko Cheshire, akajijengea jina zuri kwa kazi hiyo. Alifariki 1964.

Nilipohamia huku nilikwenda kusimama kwenye uzio wa uwanja wa Northampton siku moja ya mvua. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya turubai la kufunikia katikati ya uwanja, na mfanyakazi mmoja alikuwa anayasukuma kwa fagio la mpira, mstari kwa mstari, akifika mwisho anarudi kuanza. Nilikaa kama dakika ishirini namtazama.

Fundi Saa:

Hyland amenisikitisha kuliko Pringle. Pringle angalau alirusha.

Karani wa Ova:

Mwandika Alama, humu umesema "baba wa mwanawe". Malizia basi, wengine hawajui.

Mwandika Alama:

Kweli, nimeliacha kusudi nisije nikamfunika baba tena.

Mwana ni Derek Pringle, alizaliwa Nairobi Septemba 1958. Baba alipofariki, Derek alikuwa ana miaka 17. Mwaka 1982, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, aliitwa timu ya Uingereza. Alicheza mechi 30 za siku tano na 44 za siku moja, na Kombe la Dunia mara mbili, 1987 na 1992. Baada ya hapo akawa mwandishi wa habari za kriketi.

Fainali ya 1992 ilikuwa Melbourne, dhidi ya Pakistan ya Imran Khan. Pakistan walipata 249 na wakashinda kwa mikimbio 22. Derek alifungua kwa mpira mpya kama baba yake alivyofungua Edgbaston. Ova 10, mikimbio 22, wiketi 3. Hakuna mrushaji wa Uingereza aliyekaribia hesabu hiyo siku ile. Mzaliwa wa Nairobi, kwenye fainali ya Kombe la Dunia, na sisi huku tulikuwa tunaongelea nini Machi 1992? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Watu wanaosimulia hii familia huanzia hapo Melbourne kisha wanarudi nyuma wakimtaja baba kwa sentensi moja. Nimejaribu kuanzia upande wa pili.

Ombi langu la mwisho. Zile mechi mbili ni sehemu ndogo kabisa ya kriketi ya Don Pringle. Wiketi zake halisi zilikuwa za Nairobi, mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki, na zile ziliandikwa kwenye daftari za klabu kwa mkono wa watu kama mimi. Madaftari yale yako wapi? Mengi yameliwa na mchwa, mengine yametupwa klabu zilipobadilisha wenyewe. Kama kuna mtu humu kutoka Nairobi ambaye mzazi wake aliandika alama miaka ya sitini au sabini, tafadhali tafuteni. Piga picha kila ukurasa, hata uliochanika. Nitazisoma nukta zote.

Binti Ngara:

Hamjambo wote. Mimi husoma tu, leo ndio naandika mara ya kwanza. Babu yangu alikuwa akiandika alama za kriketi Nairobi, si klabu kubwa. Alikufa 2006. Vitabu vyake nyanya alikataa vichomwe, viko ndani ya sanduku la bati juu ya kabati, vimefungwa na kamba ya katani. Nilipokuwa mdogo nilivifungua siku moja nikadhani ni hesabu za duka, kwa sababu ya hizo nukta nyingi nyingi.

Sijui kama jina la huyo Pringle limo. Babu alikuwa akiandika jina la mrushaji kwa kalamu nyekundu, hilo nakumbuka.

Mwandika Alama:

Dada Binti Ngara, tafadhali sana. Usiyafungue kwa nguvu, karatasi za umri huo hukatika kwenye mkunjo. Weka kitambaa chini. Fungua kutoka nyuma kwenda mbele, kurasa za mwisho ndizo huwa nzima.

Binti Ngara:

Sawa. Jumamosi naenda kwa nyanya. Nitabeba kitambaa.